Makofi ya Jumapili

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linajua habari za mvua kuliko watu wa hali ya hewa. Baba yako hajambo. Kile kikohozi kimemwachia, na amerudi kibandani kwake kutengeneza redio ambazo wenyewe wameshanunua nyingine. Usiniambie tena nikupigie simu. Sikio langu unalijua. Nikipiga, mimi nasikia nusu na nyumba nzima inasikia yote.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka nilikueleza kwamba kanisani tuna timu ya afya. Tuliianzisha baada ya mzee mmoja wa kwaya kuanguka katikati ya ibada, na muda si mrefu mama mmoja akapooza upande. Mchungaji akanijia, akasema muuguzi hastaafu mbele ya mambo kama haya. Basi tukajikusanya: mimi, na Mwalimu, yule aliyekuwa mkuu wa shule yako na ambaye mpaka leo anadhani sisi sote ni wanafunzi wake, na wengine wachache. Kila Jumapili baada ya ibada tunapima presha kwenye chumba cha kwaya, meza mbili, yangu na ya Mwalimu. Jumamosi asubuhi tunatembea pamoja. Tunawafundisha watu kupunguza chumvi na mafuta. Na Jumapili ya mwisho wa mwezi, wale ambao presha yao imeshuka wanasimama mbele, wanapewa kipaza sauti, wanatoa ushuhuda, na kanisa zima linawapigia makofi. Hilo la makofi ni wazo langu mimi, na sijifichi.

Makao makuu yamesikia habari zetu. Mwezi wa nane watakuja wageni kuona kama mpango huu upelekwe makanisa mengine, na wametaka tathmini. Mwalimu anasema tathmini ni kuandika kwa mwandiko mzuri kwamba tumefanya vizuri. Lakini mimi nina mtoto ambaye hiyo ndiyo kazi yake, kwenda kwenye miradi ya watu na kuwaambia kama wamefanikiwa au wamejidanganya. Tusaidie, Bwana Takwimu.

Mkwe wetu msalimie sana. Mwambie kile kitambaa nilichomwahidi nimekipata, na rangi ni ile ile aliyoitaka. Baba yako hasemi, lakini mlango ukigongwa ananyanyua kichwa kabla yetu sote. Ni miaka sasa. Unakuja lini?

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi ni mzima. Kazi ipo, tena inabana kweli, ndiyo maana safari bado sijaipanga. Nimehamia karibu na kazini, kwa hiyo niandikie kwa anwani ya ofisi niliyoiweka nyuma ya bahasha. Pole kwa goti. Kikohozi cha Baba kikirudi uniambie wewe, yeye hataniambia.

Kuhusu timu yenu, nimefurahi kwamba mmeniuliza kabla ya wageni kufika na si baada. Nina maswali, na usinikasirikie. Mlipoanza mlitaka nini kibadilike? Sisemi mlitaka kufanya nini. Kupima presha ni kazi mnayoifanya, siyo badiliko lenyewe. Je, mlitaka watu wasianguke tena? Mlitaka wajuliane hali? Andikeni hilo kwanza, hata kama mtabishana, maana kama hamjui mlikuwa mnakwenda wapi hamwezi kujua kama mmefika.

Halafu niambie, wale mliowapima mwanzoni kabisa, wangapi bado wanakuja? Ukiwapima wanaokuja tu, utajua habari za wanaokuja tu. Nimeona miradi mingi ikipendeza kwa njia hiyo.

Nisalimie Baba. Mwambie ile redio ndogo aliyonipa bado ninayo.

Mwanao


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Binti wa jirani ameolewa, na baba yako akavaa ile suti aliyoivaa kwenye harusi yako. Ilimbana tumboni, akasema ni dobi ndiye aliyeipunguza. Watu bado wanaizungumzia harusi yako. Mchungaji anasema tangu siku ile hajaliona kanisa limejaa hivyo.

Maswali yako niliyapeleka kwenye kikao. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Huyu kijana hesabu nilimfundisha mimi." Nikamwambia ndiyo maana anajua kuuliza. Hakufurahi. Tulibishana mpaka chai ikapoa, lakini tukakubaliana: tulitaka watu wasianguke, na tulitaka mtu akiwa na shida, mwenzake wa kiti ajue. Mchungaji alisema hilo la pili ndilo alilokuwa akiliomba siku zote.

Matokeo ni mazuri ajabu. Karibu kila anayekuja kupimwa, presha yake imeshuka. Walioacha kuja wapo, kama theluthi hivi. Mwalimu anasema wamehama au ni wavivu. Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, mpaka nikakumbuka kwamba yule mama wa kwaya, fundi cherehani, hajahama. Nyumba yake inatazamana na kanisa, na uvivu yule mama haujui.

Jumapili iliyopita baba yako alisimama tena kushuhudia. Kila mwezi anasimama. Anataja presha kidogo tu, kisha anaingia kwako: mwanangu yuko mbali, ana kazi kubwa, ana mke mwema, nyumba yao ina amani. Watu wakapiga makofi, akarudi kitini akitabasamu peke yake.

Hukunijibu habari za mkwe. Kitambaa kinangoja. Na hukunijibu unakuja lini.

Shangazi yako


17 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa mezani muda mrefu, naisoma, naiweka. Ni mzima, usiwe na wasiwasi.

Matokeo yenu ni mazuri mno, na hilo ndilo linalonitia shaka. Presha haina adabu kiasi hicho. Nenda kwa walioacha. Nenda wewe, bila Mwalimu, bila mashine, bila Biblia mkononi. Usiende kuwarudisha, maana ukienda kuwarudisha watakuahidi kuja Jumapili ili uondoke. Na usiwaulize kwa nini hawaji. Hilo ni swali la polisi. Mtu akiulizwa hivyo anakutafutia sababu, kazi, mvua, safari. Uliza ni kitu gani kinafanya kuja kuwe kugumu. Kisha nyamaza, hata kama kunyamaza kutakuuma. Nakujua.

Mtu anaweza kupapenda mahali mpaka akaumwa, na bado asiweze kupita mlangoni. Anajua angekaa kiti gani, nani angemsalimia kwanza na kwa maneno gani. Anajua hata harufu ya mlangoni asubuhi baada ya kufagiwa. Si kila asiyekuja amewasahau, Shangazi. Uwe na hilo moyoni unapogonga.

Nimeandika mengi kuliko nilivyokusudia. Baba asitembee jua likiwa kali.

Mwanao


20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Tumeamka salama. Baba yako sasa anatembea alfajiri, amekusikiliza wewe uliye mbali kuliko mimi ninayempikia.

Nilikwenda kwa fundi cherehani. Nilichukua gauni lenye pindo lililofumuka ili nisionekane nimetumwa. Chumba ni kile kile, cherehani karibu na dirisha, nguo za watu zimekunjwa juu ya kitanda. Alinikaribisha vizuri, akaanza pindo, na kabla sijafungua mdomo akaniambia Jumapili atakuja. Nikamwambia sikuja kwa ajili hiyo. Nikauliza kama ulivyonifundisha, kisha nikanyamaza. Hiyo kazi yako ni ngumu. Nilibaki kuvitazama vifungo kwenye kopo lake kimoja kimoja.

Alishona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi, ndipo akasema.

"Dada, dawa nilikunywa. Chumvi niliacha mpaka chakula kikawa adhabu. Jumamosi nilitembea na nyinyi, mliniona. Haikushuka. Kila mwisho wa mwezi wenzangu wanasimama wanapigiwa makofi, mimi nimekaa. Mwanzoni sikujali. Halafu jirani yangu wa kiti akaniuliza kwa upole kama kuna mtu sijamsamehe. Hakuwa na ubaya, alitaka kunisaidia. Lakini kuanzia siku ile nikaona kila anayenitazama ananitafutia dhambi. Nikaacha kupimwa. Nikaona aibu kwamba nimeacha kupimwa, nikaacha kuja."

"Sasa unapimwa wapi?" nikamuuliza.

"Sipimwi."

Nilipokuwa naaga aliniambia jambo jingine. Jumapili anafunga mlango, lakini dirisha analiacha wazi. Kwaya ikianza, naye anaimba sauti yake ya pili humo ndani, huku anakanyaga cherehani tupu, isiyo na kitambaa, ili wapita njia wasimsikie. "Nawasikia mnavyopwaya," akasema. Alicheka, halafu kicheko kikamgeukia, akalia, na mimi nikalia na gauni langu mapajani.

Nimekwenda kwa wengine baada yake. Maneno yanatofautiana lakini aibu ni ile ile. Tulidhani tumewashusha watu presha, kumbe wenye presha tuliwatoa nje, tena kwa makofi yangu. Nimemweleza Mwalimu. Anasema hayo yasiingie kwenye ripoti, tutajianika mbele ya wageni. Mchungaji amesema atafikiri. Niandike nini?

Nilipotoka kwa fundi nilikaa kwenye ngazi za kanisa, nikaisoma upya barua yako ya mwezi wa tano, ilikuwa mkobani. Leo sitoi salamu kwa mtu mwingine wa nyumbani kwako. Nakusalimu wewe. Wala sikuulizi unakuja lini.

Shangazi yako


5 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua nimeipata leo na ninajibu leo.

Andika kama ilivyo. Andika mlichotaka, mlichofanya, nani alipona na nani aliumia, na mtabadilisha nini. Mkiificha hiyo sehemu, makanisa mengine nayo yatakwenda kupiga makofi. Ila usiyafute mazuri kwa hasira. Mliowasaidia mmewasaidia kweli. Pimeni mlango ukiwa umefungwa, mtu aambiwe peke yake, na ambaye haishuki apelekwe kwa daktari aangaliwe dawa zake. Hilo unalijua wewe kuliko mimi.

Na lingine umeshalijua. Mke wangu aliondoka mwaka juzi. Hatukupigana, hakukuwa na mtu wa tatu. Tulinyamaziana kidogo kidogo mpaka tukawa wapangaji wawili ndani ya nyumba moja. Yuko salama, ana maisha yake. Mimi nimepanga chumba. Ukuta ni mwembamba, jirani akipiga chafya namwambia pole.

Nimewahi kufika stendi na begi, nikarudi. Nilikumbuka kanisa lilivyojaa, Baba anacheza na miguu yake ile mibovu, watu wanatusindikiza mpaka barabarani. Na kila mwezi, kwa maneno yako mwenyewe, anasimama kuwaambia kwamba nyumba yangu ina amani. Nitaingiaje? Nitakaa wapi wakati wanapiga makofi? Nawatamani mpaka kifua kinauma, Shangazi. Ile redio naiwasha hata kama haishiki kitu, nasikiliza tu inavyovuma, maana ni mikono yake iliyoifunga.

Usimwambie. Nakuomba.

Mwanao


2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Pole ile ambayo ningekupa nimekushika mkono. Yule binti nilimpenda na sitaacha kumpenda kwa sababu ya hili. Huko kukaa peke yako na kuuguza jambo hili bila hata mtu wa kukuchemshia chai, hilo ndilo lililonikosesha raha. Nilikuwa nikikuandikia kila mara "msalimie mkwe" nikidhani nakutendea wema.

Wageni walikuja. Ripoti nimeisoma mimi, maana Mwalimu alisema koo linamuuma, na koo lake halijawahi kuuma tangu nimfahamu. Nilipofika kwenye makofi nikanywa maji, nikaendelea. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akauliza kama fundi cherehani amerudi. Nikasema hapana. Alikuja mazoezi ya kwaya siku moja, akakaa karibu na mlango, akaondoka kabla ya sala ya mwisho. Lakini presha ninampima mimi, chumbani kwake, na daktari amembadilishia dawa. Yule mama akasema hiyo ndiyo habari atakayokwenda nayo. Mpango utapelekwa kwingine, bila ushuhuda. Na kwetu pia ushuhuda wa presha umekwisha. Meza sasa ni moja, yangu, na mlango unafungwa. Mwalimu ananiandikia foleni, amenuna, lakini anaandika.

Sasa baba yako. Sikumwambia, neno lako nimelitunza. Lakini meza ikiwa moja, naye alilazimika kuja kwangu. Miaka yote alipanga foleni ya Mwalimu, na mimi nikadhani ni kaka tu asiyetaka kuamriwa na mdogo wake. Nikamfunga kile kitambaa cha mashine mkononi. Iko juu, mwanangu. Nikapima mkono wa pili. Iko juu.

"Kaka," nikasema, "si kila mwezi ulikuwa unasimama?"

Akageuka kuhakikisha mlango umefungwa. Akasema Mwalimu ni rafiki yake, alimwomba ampunguzie kidogo kwenye karatasi.

"Kwa ajili ya makofi?"

"Makofi niyafanyie nini?" akasema. "Nilikitaka kile kipaza sauti. Nyumbani nikimtaja mwanangu, unaanza kulalamika haji. Kibandani nikimtaja, wateja wanaangalia saa. Pale mbele namtaja na hakuna wa kunikatiza. Hiyo habari ya mke na amani sina hakika nayo. Nazisoma barua zake kwako ukiziacha mezani, na za mwanzo mwanzo zilimtaja, hizi hazimtaji. Nilisema tu ili niendelee kumsema."

Hii ya mwezi wa saba sikuiacha mezani, uwe na amani. Nilizima mashine nikakaa naye, na waliokuwa nje wakaanza kugonga, tukawaacha wagonge. Ameanza dawa, anazinywa mbele yangu. Lakini ushuhuda umekwisha, na sasa hana mahali pa kukutaja. Jumapili anakaa, anasikiliza, anarudi nyumbani.

Sitakuambia uje. Nakuambia tu kwamba siku ukija, hapa hakuna mtu atakayekusimamisha mbele.

Shangazi yako


21 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Nimekata tiketi. Nafika Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, peke yangu. Naomba pasiandaliwe kitu na kanisani pasisemwe kitu.

Humu ndani kuna karatasi nyingine, imekunjwa. Ni ya Baba. Nimemwandikia mwenyewe yote niliyokuandikia wewe, na mengine ambayo hata wewe sikukuandikia. Nimeianza na kuichana mara nyingi, hii ndiyo iliyosalimika. Usimsomee, macho anayo.

Umpe akiwa amekaa, umfungie mlango. Na siku hiyo, tafadhali, usimpime presha.

Mwanao